Kupiga Hodi kwa Miadi: Mwongozo wa Kuishi na Watu kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kusoma Kijerumani

Tangu niliporudi Mbeya baada ya miaka miwili ya kusoma Kijerumani mjini Leipzig, Ujerumani, haupiti mwezi bila kijana mmoja au wawili kunitafuta nyumbani Uyole, wengine wakitoka Tukuyu na Njombe, wengine Iringa, wakiwa wameshapata barua ya chuo au wakisubiri viza. Mambo ya viza na ada hujibiwa vizuri na ubalozi na chuo chenyewe, wala sina la kuongeza hapo. Swali linalorudi kila mara, na ambalo kwa kawaida huulizwa mgeni akiwa ameshasimama kuaga, ni hili: kule nitaishije na watu, na nitampata wapi mtu wa kuzungumza naye hiyo lugha?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Darasani utakaa saa nne au tano kwa siku pamoja na Mvietnamu, Msiria na Mbrazili, na Kijerumani chao kitakuwa na makosa yaleyale uliyonayo wewe. Kijerumani chenyewe kiko nje ya darasa, midomoni mwa watu ambao hawatakuita kutoka barazani wala kukukaribisha kwa sababu tu umepita mbele ya nyumba yao. Si kwamba hawana ukarimu. Kule urafiki huanzia kwenye jambo linalofanywa na watu walewale, siku ileile ya wiki, na hodi hupigwa siku kadhaa kabla ya kufika mlangoni. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Maliza kiwango cha A1 ukiwa bado nchini, na ukiweza fika A2. Vipimo vya lugha huanzia A1 hadi C2, na mtu wa A2 anaweza kujieleza, kuuliza na kuomba arudiwe, jambo ambalo linatosha kuanza urafiki. Goethe-Institut ya Dar es Salaam, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, hufundisha na kutahini viwango hivyo.

Beba pia vitu hivi:

- Daftari dogo la tarehe, la karatasi, kwa ajili ya miadi. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, lakini daftari unaloliona mezani kila asubuhi hukumbusha zaidi.
- Zawadi ndogo zisizooza: majani ya chai ya Mufindi au Rungwe, kahawa ya Mbozi iliyokaangwa, vipande vichache vya kitenge. Usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote, kwa kuwa Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuviingiza kutoka nje. Maparachichi nayo huhitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo yaache nyumbani.
- Picha tano au sita za kwenu zilizochapishwa: nyumba, shamba, shule, familia. Mtu mwenye maneno machache husaidiwa sana na picha mkononi.
- Barua ya utambulisho kutoka usharika wako, kama wewe ni mtu wa kanisa. Nitaieleza katika hatua ya nne.
- Fedha kidogo za kutoka. Mimi nilitenga euro 40 kwa mwezi kwa ajili ya kahawa, keki na nauli za kwenda kwa watu, na sikuzigusa kwa jambo jingine.

Viatu na koti vinunue kulekule. Aliyekulia Makete au Njombe anaijua sakitu ya asubuhi, lakini sakitu ya kwetu huyeyuka jua likipanda. Baridi ya Januari kule inaweza kushinda nawe kutwa na wiki nzima. Nimeona wanafunzi wakikataa mialiko mizuri kwa sababu tu viatu vyao vilikuwa vinaingiza maji.

HATUA

1. Tafuta chumba katika nyumba ya kushirikiana, si chumba cha peke yako.

Wajerumani huiita WG: watu watatu au wanne, kila mmoja na chumba chake, wakitumia jiko moja na bafu moja. Kwa kawaida wakazi wenyewe ndio wanaochagua mwenzao mpya, hivyo utaitwa kwa mazungumzo ya nusu saa ili waone kama mtaelewana. Usijisifu kwa masomo. Sema unapika nini, unalala saa ngapi, na kwamba uko tayari kufuata zamu ya usafi. Zamu hiyo huandikwa na kubandikwa ukutani, na kuiruka mara mbili huharibu uhusiano haraka kuliko ugomvi wa maneno.

Ukishahamia, gonga mlango wa kila jirani wa ghorofa yako alasiri moja, jitambulishe kwa sentensi mbili ukiwa umesimama nje, kisha uage. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, na Jumapili ni utulivu wa kutwa: hakuna muziki wa kusikika nje wala kutoboa ukuta, na hata chupa za vioo hazipelekwi kwenye pipa siku hiyo. Ndani ya friji kila mtu ana rafu yake. Maziwa yaliyo katika rafu ya mwenzako si ya nyumba, hata kama mmekula pamoja jana yake.

2. Jifunze saa yao kabla ya kukubali mwaliko wowote.

Sisi tuna kazi mara mbili, kwa sababu saa yetu huhesabiwa kuanzia mapambazuko na yao kuanzia usiku wa manane. Mtego mkubwa, hata hivyo, uko kwenye neno halb, yaani nusu. Mjerumani akisema halb vier, hamaanishi saa ya nne na nusu yake. Anamaanisha nusu ya kuielekea nne, yaani 15:30, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu alasiri.

Mwezi wangu wa pili, jirani wa ghorofa ya chini alinikaribisha kahawa Jumapili halb vier. Nilifika saa kumi na nusu, nikiwa nimepiga pasi shati na kushika pakiti ya chai ya Rungwe. Sahani tatu zilikuwa zimeshatumika, ya nne ikiwa safi na kitambaa chake kimekunjwa pembe tatu juu yake. Kipande changu cha keki ya tufaha kilikuwa kimefunikwa kwa bakuli, na wageni wengine wawili walikuwa wakivaa makoti. Jirani hakusema neno baya. Alinimiminia kahawa kutoka kwenye chupa ya chai, na tulikaa dakika ishirini, lakini ilinichukua miezi mitatu kualikwa tena.

Kwa hiyo kila unapopewa saa, irudie kwa tarakimu: „Also fünfzehn Uhr dreißig?“ Hakuna atakayekuona mjinga. Ukichelewa zaidi ya dakika tano, tuma ujumbe kabla muda haujafika, wala usisubiri upite.

3. Piga hodi kwa miadi.

Kutokea mlangoni bila taarifa, ambako huku ni heshima na dalili ya upendo, kule humshtua mtu. Swali lake la kwanza litakuwa kama kuna msiba au ajali. Andika siku tatu hadi saba kabla, ukitaja siku, saa na jambo: „Hast du am Samstag um 15 Uhr Zeit? Ich möchte dich zum Tee einladen.“ Yaani, je, una nafasi Jumamosi saa tisa alasiri, ningependa kukukaribisha chai. Akijibu kwamba hana nafasi na kutaja siku nyingine, amekubali kwa dhati. Akisema tu kwamba tuonane siku moja, hayo bado si miadi, na usikae ukisubiri. Taja tarehe wewe.

Kosa kubwa la vijana wetu liko hapa. Huku kwetu mtu akialikwa mahali asipotaka kwenda husema „nitajitahidi kuja“, na mwalikaji huelewa kwamba ndiyo kwaheri, hakuna anayeumia. Kule sentensi hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo. Utawekewa kiti, utapikiwa, na utasubiriwa. Kama huwezi, sema huwezi, na useme mapema: „Leider kann ich nicht kommen.“ Kwa masikio ya Mnyakyusa au Mhehe inasikika kama ukavu, kwao ni adabu.

4. Chagua jambo moja la kila wiki na ubaki nalo miezi sita.

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Ujerumani ina vyama vya watu wanaopenda jambo moja, kila kimoja huitwa Verein: vya mpira, vya kupanda milima, vya bustani, vya kuimba. Vyuo vikuu navyo huwa na michezo ya wanafunzi kwa ada ndogo kwa muhula. Usijiunge na vinne. Jiunge na kimoja kinachokutana siku maalumu, nenda wiki zote, hata wiki ambayo umechoka na hujaelewa neno. Wiki nne za kwanza watakusalimu tu. Karibu na wiki ya sita mtu atakuuliza kwa nini Jumatano iliyopita hukuonekana, na hapo ujue umeshahesabiwa kuwa mmoja wao.

Mtu wa Nyanda za Juu Kusini nitamshauri aanze na kwaya. Wengi wetu tumelelewa humo, tunasoma noti au tonic sol-fa, na wanaume wa kuimba hutafutwa kila mahali. Mazoezi yetu yalikuwa Jumatano saa moja na nusu usiku katika ukumbi wa usharika. Mama aliyeketi kulia kwangu, mwenye umri wa mama yangu mzazi, alinisikia nikiimba für kama „fur“. Hakunisahihisha mbele ya watu. Alichukua penseli, akachora juu ya neno hilo mdomo mdogo wa mviringo, kisha akaninong'oneza nitamke i huku nimeikunja midomo kama mtu anayepuliza mkaa jikoni. Nilijaribu kwa wimbo mzima. Wiki iliyofuata aliichora midomo ileile juu ya über na grün, na baada ya hapo sikuhitaji tena mchoro. Mwalimu wangu wa darasani alikuwa amelieleza jambo hilohilo mara kadhaa kwa maneno ya fonetiki bila mimi kulipata.

Hapa ndipo barua ya usharika inapofanya kazi. Kama wewe ni Mmoraviani, mji wa Herrnhut, ulioanzishwa mwaka 1722, uko katika jimbo la Sachsen, mashariki ya Dresden, na jina la Rungwe si geni huko, kwa kuwa wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Walutheri wa Iringa na Njombe nao watakuta sharika zinazokumbuka kazi ya misheni ya Berlin. Mpe mchungaji barua baada ya ibada, na useme unatafuta kundi la kila wiki, si msaada wa fedha. Tofauti hiyo itaje mwenyewe, kwa sababu wengine watakuwa wanaihofia. Mwislamu atapata msikiti katika kila mji mkubwa, ila khutba mara nyingi huwa kwa Kituruki au Kiarabu, hivyo atahitaji kundi jingine kwa ajili ya Kijerumani.

5. Tumia Kiswahili chako kama mtaji.

Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Köln na Berlin. Maana yake ni kwamba kuna wanafunzi Wajerumani wanaomhitaji mtu kama wewe kuliko unavyowahitaji wao. Bandika tangazo katika idara hiyo ukitafuta mwenza wa kubadilishana lugha, kile wanachokiita Tandem, na mkubaliane tangu siku ya kwanza: dakika 45 Kijerumani, dakika 45 Kiswahili, kwa saa ya mezani. Bila saa, lugha ya mwenye maneno mengi humeza ile nyingine, na mara nyingi utajikuta umekuwa mwalimu wa bure.

Kwa kuanzia, mwambie kwamba shule yetu imetokana na Schule yao, na hela na sarafu yao ya Heller iliyotumika huku enzi za ukoloni. Mfundishe salamu zetu, „kamwene“ ya Iringa na Njombe na „ugonile“ ya Rungwe, watu hupenda kujua kwamba nyuma ya Kiswahili kuna lugha nyingine.

Jiandae pia kuulizwa historia. Ukitoka Iringa, utatajiwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani na kufariki mwaka 1898, na fuvu linalosemwa kuwa lake, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 baada ya kupatikana katika makumbusho ya Bremen. Utakutana na wanafunzi wasiolijua kabisa jambo hilo, na wengine wanaojua kwamba rais wao, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea mwaka 2023 kwa ajili ya vita vya Majimaji. Andaa sentensi kumi za Kijerumani juu ya mambo hayo kabla hujaondoka. Ni maongezi mazito na yanakomaza urafiki, lakini mtu asiye na msamiati hulazimika kunyamaza katika jambo linalomhusu yeye kuliko wote waliopo mezani.

6. Mezani, jua nani analipa.

Huku anayesema „twende tukanywe chai“ ndiye mlipaji. Kule kila mtu hulipa chake, na mhudumu atauliza „Zusammen oder getrennt?“, pamoja au kila mtu peke yake. Ni pale tu mtu anapotamka „Ich lade dich ein“, yaani nakukaribisha, ndipo amebeba gharama, na wewe ukiitamka umeibeba. Ukialikwa nyumbani, uliza ulete nini, vua viatu mlangoni ukiona wenyeji wamevua, na usianze kula kabla ya kusikia „Guten Appetit“. Kama hunywi pombe, sema „Ich trinke keinen Alkohol“ mara moja, bila maelezo, inua glasi yako ya maji na umtazame kila mtu machoni mnapogonganisha.

Siku ya kuzaliwa, mwenye siku ndiye huleta keki darasani au kazini. Usimpongeze mtu hata siku moja kabla. Wengi huliona hilo kuwa mkosi.

7. Chunga maneno mawili: du na Freund.

Wanafunzi huitana du, yaani „wewe“ ya watu waliozoeana. Mwalimu, jirani mzee na mtu wa ofisini ni Sie, „wewe“ ya heshima, mpaka mkubwa mwenyewe akupe ruhusa ya du. Ichukulie kama shikamoo, hupimwi kwa lugha tu bali kwa malezi. Ama Freund, yaani rafiki, ukisema mein Freund au meine Freundin wengi wataelewa kwamba ni mchumba wako. Rafiki wa kawaida ni „ein Freund von mir“. Nimeshuhudia dada mmoja wa Mbeya akilazimika kueleza jambo hilo kwa wiki mbili.

8. Wapangie Watanzania wenzako na simu muda wao.

Kuwa na Watanzania ni afya, na Jumamosi ya ugali na maharage ilinivusha katika miezi migumu. Unga mweupe wa mahindi hupatikana katika maduka ya vyakula vya Kiafrika. Hatari ni kuhamia humo kabisa. Simu ni hatari zaidi. Kijana anayeshinda katika makundi ya WhatsApp ya nyumbani hadi usiku wa manane anaishi Mwanjelwa ya Mbeya, ila analipa pango la Leipzig. Kubaliana na wazazi siku mbili za kupiga, ukikumbuka kwamba Tanzania iko mbele kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Wananijibu kwa Kiingereza. Wanadhani wanakusaidia. Sema kwa tabasamu „Können wir bitte Deutsch sprechen? Ich lerne noch“, kisha endelea kwa Kijerumani hata kama wao wanaendelea na Kiingereza, wengi hurudi baada ya sentensi ya tatu.

Darasani naelewa, mtaani sielewi. Ni lahaja. Watu wa Sachsen husema nu wakimaanisha ndiyo, na mwanafunzi mpya hubaki akisubiri sentensi iendelee. Muulize mtu mmoja wa kundi lako akuandikie maneno ishirini ya hapo mlipo.

Novemba imefika na sitaki kutoka kitandani. Kufikia Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, na mwili uliozoea mchana wa saa kumi na mbili huishiwa nguvu. Toka nje kila siku kabla ya adhuhuri, usikose siku ya kundi lako, na hali ikizidi wiki mbili nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari. Namba 0800 1110111 hupokelewa mchana na usiku bila malipo na watu wa kusikiliza.

Nimetukanwa, au nimenyimwa chumba kwa sababu ya rangi yangu. Jambo hili hutokea, na halitokani na kosa lako la adabu. Andika siku, saa, mahali na maneno yaliyosemwa ungali unakumbuka, na mtafute shahidi. Ukiwa hatarini, polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 112. Sheria ya mwaka 2006, inayojulikana kwa kifupi AGG, inakataza ubaguzi katika ajira na, kwa sehemu kubwa, katika upangaji, lakini madai hutakiwa kutolewa ndani ya miezi miwili, kwa hiyo nenda mapema kwa ofisi ya ushauri ya chuo. Waambie pia watu wa kundi lako la kila wiki. Mimi sikuwaambia mara ya kwanza, kwa aibu ambayo haikuwa yangu kuibeba, na nilijuta, maana mara ya pili watatu kati yao walikwenda nami ofisini.

Rafiki yangu amenyamaza wiki tatu. Usihesabu kwamba amekukasirikia. Mwandikie mara moja, ukitaja siku na saa. Akinyamaza tena, tazama kalenda: Februari na Julai ni miezi ya mitihani katika vyuo vingi, na watu hupotea kabisa. Mwandikie tena wiki moja baada ya mitihani kuisha, na umpelekee kahawa ile ya Mbozi uliyoibakiza.